Ndege bila motere, mu anga yenye kufungwa

Tarehe 26/07/2024, magaribi ya kufungua Michezo ya Olimpiki, Leta ya Ufaransa ilifunga anga ya Paris. Ilikuwa duara ya kilometa 150 kila upande, kuanzia saa 18:30 mpaka karibu saa sita ya usiku. Tuipime hapa kwetu. Kutoka Lubumbashi mpaka Likasi ni karibu kilometa 120 kwa barabara. Ukichora duara ya namna ile juu ya posta ya Lubumbashi, Likasi nzima inabaki ndani. Televizioni zilionyesha viwanja vikubwa vya ndege vimenyamaza. Sisi leo tunataka kuongelea watu ambao hakuna kamera iliyowatafuta: mapiloti wa planeri.

Planeri ni ndege isiyo na motere. Mutatuuliza: «Sasa inapandaka namna gani?» Muangalie mwewe siku ya jua kali. Anazunguka, anazunguka, habatiki mabawa, na bado anapanda. Jua linachoma majiwe meusi ya terili, paa za mabati, shamba lililolimwa. Hewa ya pale inapata moto na kupanda sawa moshi wa makala. Planeri inaingia mu ile hewa na kupanda nayo, kisha inateleza kwenda kutafuta ingine. Kwa kuanza, inavutwa na ndege yenye motere, ao na mashini ya kukunja kamba ya chuma, ya jamaa moja na ile inayopandisha watu kutoka shimo la Kipushi. Siku nzuri, piloti anafanya kilometa mia tatu, hata mia tano, bila kuchoma hata litre moja ya esanse.

Sasa muone shida. Sheria za kufunga anga zinaandikwa na watu wanaowaza juu ya motere. Mu mwaka 2012, kwa Olimpiki ya London, Waingereza waliweka eneo kubwa la masharti kutoka 14/07 mpaka 15/08. Kuingia mule, piloti alipaswa kutuma mbele mpango wa safari yake, kuongea na radio wakati wote na kituo cha waaskari, na kubeba mashini inayojibu rada kwa namba aliyopewa. Ndani zaidi, juu ya muji wenyewe, ilikuwa marufuku kabisa. Na haikuwa mchezo: ndege za vita Typhoon zililetwa uwanja wa Northolt, na makombora yaliwekwa juu ya paa la nyumba za watu.

Piloti wa planeri atajibu nini kwa masharti kama yale? Anakula umeme wa batri ndogo; planeri nyingi hazikuwa na ile mashini ya rada. Mpango wa safari? Hajui atapita wapi, juu hewa ya moto njo inamuonyesha njia. Ukimwambia «ubaki palepale, mita elfu moja», anacheka ao analia, kwa sababu nje ya hewa inayopanda yeye anashuka kila dakika. Na sisi tunajua barabara inafungwa wakati mkubwa anapita: motoka zinapanga mstari, mama wa soko anangoja na ndoo ya nyanya ku kichwa. Lakini motoka inazima, inangoja. Planeri haina cha kuzima.

Marekani wameandika waziwazi. Raisi wao akienda kutembea, anga inafungwa duara mbili: ya ndani karibu kilometa 18, ya inje karibu kilometa 55. Ndege ya motere inaweza kupita ile ya inje kama ina ruhusa na namba ya rada. Planeri zinatajwa kwa jina mu tangazo, pamoja na masomo ya kuruka: hapana. Tangazo lenyewe linaweza kutoka siku chache tu mbele, na kubadilika tena. Kilabu iliyopanga wanafunzi kwa siku ya posho na ya mungu inafunga mlango.

Pale njo tunaona uzito wa mambo. Ku Ulaya jua la kupandisha planeri linafanya kazi kutoka machipuko mpaka mwisho wa kiangazi. Kilabu nyingi zinaishi kwa mchango wa wanamemba na makuta ya watu wanaokuja kuonja safari moja. Ukikata mwezi wa saba, umekata moyo wa mwaka.

Wanafanyaje basi? Kila asubui, mbele ya kahawa, wanasoma NOTAM, yaani matangazo ya wapiloti, na kuchora mipaka mipya ku karta. Wengine wanafungua mabawa, wanaingiza planeri mu remoki na kuikokota kwa motoka mpaka uwanja ulio inje ya duara. Wa London walifanya kitu kingine ambacho sisi tunasifu: walianza kuongea mapema. Mpango wa kwanza, uliotangazwa 2011, ulikuwa wa karibu miezi miwili. Vyama vya marubani wadogo, cha planeri kikiwa ndani, vililalamika na kuleta hoja, na ule muda wa masharti makubwa ulikatwa ukabaki kama mwezi mmoja. Usalama ni haki, hatubishi. Lakini mwenye kuandika sheria aulize kwanza yule atakayeibeba.

Hatari ingine inasahaulika. Piloti aliye chini, jua linapoa, na mbele yake kuna mstari asioweza kuvuka. Hewa nzuri inaweza kuwa upande ule wa mstari, kilometa mbili tu. Asiingie: atashuka mu shamba la mtu. Wafaransa wana neno lao kwa kutua vile, wanasema «kwenda kwa ng'ombe». Ni jambo la kawaida, wanajifunza kuchagua shamba, kuangalia upepo, mitaro na nyaya za umeme. Lakini kila kutua kwa namna ile ni bahati unayoipima na mkono.

Tarehe 26, mtu wa Chartres ama wa Beynes, wote wawili ndani ya duara, alipaswa kugeuza pua mapema na kuwa chini mbele ya saa 18:30, wakati jua la mwezi wa saba kule lingali juu. Na kama hewa ilimuacha njiani, kazi ilibaki ya rafiki yake mwenye motoka: kufunga remoki, kuuliza njia kijiji kwa kijiji, na kumtafuta kati ya ngano.