Lesula, Kima Aliyejulikana kwa Picha

Wengi wetu hudhani kwamba wanyama wote wa misitu ya Kongo wamekwisha kuandikwa vitabuni. Sivyo hata kidogo. Mwaka 2007, watafiti waliofika Opala, kando ya mto Lomami, walimkuta nyumbani kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kima mchanga aliyefungwa kamba. Uso wake haukuwa na manyoya, pua yake ilikuwa ndefu, na macho yake makubwa yalifanana na ya mtu mwenye mawazo. Wakampiga picha. Wenyeji walimjua tangu zamani, wakimwita lesula. Lakini wataalamu hawakuwa na jina lake. Ndipo mwaka 2012 alipotangazwa rasmi kwa jina la Cercopithecus lomamiensis.

Leo, anayetaka kumpiga picha sharti awe mvumilivu. Lesula hutembea sana chini, katika giza la msitu, naye ni mwenye haya. Husikika alfajiri, madume yanapovumisha sauti. Kwa hiyo watafiti hufunga kamera mitini, nazo hupiga picha zenyewe mnyama apitapo. Mgeni naye yampasa kufuatana na kiongozi mwenyeji, kunyamaza, kukaa mbali, na kutowapa wanyama chakula. Mwenye kikohozi na abaki kambini, maana magonjwa yetu huweza kuwaambukiza.

Lakini tukumbuke jambo moja. Kima mchanga hafiki kijijini peke yake. Mara nyingi mama yake ameuawa kwanza. Na kwa kuwa lesula hupita chini, mitego ya nyaya humnasa upesi.

Tunajua kwamba baba anayewinda anatafuta karo na chumvi ya watoto wake, hatumdharau. Ila nyama huuzwa mara moja tu, na sufuria ikiisha imeisha. Mnyama aliye hai aweza kuwaletea kazi waongozaji, wachukuzi, wapishi na walinzi, mwaka hata mwaka. Mbuga ya Taifa ya Lomami, iliyoundwa mwaka 2016, inamlinda lesula. Lakini walinzi peke yao hawatoshi, ikiwa sisi wanunuzi wa nyama hiyo mijini hatuachi kuinunua.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ya lesula ndiyo daftari yetu. Tusikubali ibaki picha tu.