Mgeni Wetu na Foleni ya Madumu

Hapa Kintinku, wilayani Manyoni, kwenye reli ya kati baina ya Dodoma na Manyoni mjini, mvua ina msimu mmoja tu kwa mwaka. Miezi iliyobaki ni kiangazi, na kila nyumba inajua thamani ya dumu la lita 20. Katika kiangazi hicho msikiti wetu ulimpokea mwalimu wa Qur'ani kutoka Misri, mtu aliyekulia kando ya mfereji wa Nile. Kamati ilimpangia nyumba, ikamnunulia kitanda na chandarua, ikampeleka kwa mtendaji wa kijiji na kibali chake cha ukaazi. Tukadhani tumemaliza wajibu wetu.

Wiki ya kwanza alikwenda kituo cha kuchotea maji. Alikuta madumu yamepangwa mstari na akina mama wameketi kivulini. Kwa kuwa hakuna aliyesimama mbele ya bomba, alijaza dumu lake, akalipa, akaondoka. Hakujua kwamba kwetu dumu humshikia mtu nafasi yake, hata kama mwenyewe yuko nyumbani anapika. Akina mama walinyamaza, kwa kuona haya kumkosoa ustadhi anayewafundisha watoto wao. Akarudia siku ya pili na ya tatu. Kufikia Ijumaa, ilikwisha kusemwa kuwa mgeni ana kiburi.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja kwenye umeme. Alimpa kijana wa dukani shilingi 10,000 amnunulie LUKU. Akapata namba 20 za kuingiza kwenye mita, na uniti ambazo hazikumaliza siku mbili. Akarudi dukani na kumwambia kijana, kwa Kiarabu na kwa ishara, jambo lisilohitaji mkalimani: umekula fedha yangu. Kijana huyo ndiye anayetuadhinia alfajiri. Kwa siku tatu hatukuisikia sauti yake.

Nilipoitwa, niliusoma ujumbe wa malipo mstari kwa mstari: kodi ya ongezeko la thamani, tozo, kisha deni. Nyumba ile ilikaa miezi mingi bila mpangaji, na kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia LUKU, ilikuwa imelimbikizana. Kijana hakuchukua hata senti. Deni lilikuwa la mwenye nyumba, na aliyeandika mkataba bila kuuliza habari za mita ni mimi, katibu. Kosa lilikuwa langu, na aibu ikamwangukia asiyehusika.

Tulimrudishia mwalimu fedha yake. Baada ya swala ya Isha alisimama mbele ya safu, akamgeukia kijana na kusema maneno manne aliyojifunza jioni ile: "Nisamehe ndugu yangu, nilikosea." Kijana akampa mkono. Alfajiri tuliamshwa na sauti tuliyoizoea.

Baadaye mwalimu aliniuliza: "Wale wa bombani, kwa nini hawakuniambia?" Sikuwa na jibu zuri. Tunapenda kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini anayekabidhi jembe hana budi kuonyesha na mpaka wa shamba. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa dini ni nasaha, na kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mshirika asiyeelezwa kanuni za ushirika atazivunja tu, hata akiwa mwema kiasi gani. Kumnyamazia mgeni usoni kisha kumteta nyuma yake si heshima. Ni kusengenya.

Naye alikuwa na nasaha kwetu. Aliikuta koki ya mahali petu pa udhu ikichuruzika wakati majirani wanapanga madumu. Akatukumbusha kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, na kuoga josho kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Koki ikatengenezwa, na leo watoto wa madrasa hutawadha kwa kopo.

Ndugu msomaji, huenda nawe utampokea mgeni: mkwe kutoka ng'ambo, mwalimu au mfanyakazi. Siku ya kwanza mpe chakula. Siku ya pili nenda naye bombani, apange dumu lake na kuwasalimu walio kwenye foleni. Mfundishe kusoma ujumbe wa LUKU, na kabla hajahamia muulize mwenye nyumba kama mita ina deni. Mweleze kuwa saa moja asubuhi yetu ndiyo saa saba kwenye saa yake. Mfikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajulikane kwa jina kabla hajajulikana kwa kosa. Na akikosea, mwambie siku hiyo hiyo, kwa upole na faraghani.

Siku hizi dumu la mwalimu hukaa kwenye foleni pamoja na mengine. Akichelewa darasani, akina mama humsogezea.