Niombe chuo gani? Mambo mawili ya kupima kabla ya kutuma maombi

KIGALI – Kila mwaka matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yakitoka, vijana wanaoishi Kigali na katika kambi za Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa na Nyabiheke huuliza swali moja: "Niombe chuo gani?" Mara nyingi jibu huwa jina la chuo kimoja kinachosifiwa na kila mtu. Kijana anaomba hicho peke yake, anasubiri miezi kadhaa, anakosa, na mwaka unapita. Wengine hawarudi kuomba tena.

Makala hii inaeleza mambo mawili yatakayokusaidia kupanga orodha yako: ugumu wa kupata nafasi na mchanganyiko wa wanafunzi. Inamhusu mkimbizi, na pia kijana wa jamii mwenyeji.

Je, chuo kigumu kuingia ndicho chuo bora?

Si lazima. Chukua mfano. Chuo cha kwanza kina nafasi 100 na waombaji 2,000. Kitachukua watu 5 kati ya kila 100. Chuo cha pili kina nafasi 100 na waombaji 300. Kitachukua watu 33 kati ya kila 100. Hesabu hiyo inakuonyesha ni watu wangapi walibisha hodi. Haikuonyeshi kama walimu wanafundisha vizuri, wala kama wanaomaliza wanapata kazi. Wakati mwingine mashindano ni makali kwa sababu tu nafasi ni chache na zinakuja na ufadhili kamili.

Kwa hiyo kwanza jua kila chuo kinamtafuta nani. Chuo Kikuu cha Rwanda, kilichoundwa mwaka 2013 kwa kuunganisha taasisi 7 za serikali, kina kampasi Kigali, Huye na kwingineko, na kozi nyingi. Rwanda Polytechnic ina vyuo 8 vya ufundi kwa anayetaka ujuzi wa mikono na mitambo. Carnegie Mellon University Africa hapa Kigali inatoa shahada ya uzamili, si shahada ya kwanza. Kama umemaliza sekondari juzi, huko si kwako bado, hata kama una alama za juu.

Mchanganyiko wa wanafunzi una faida gani?

Mchanganyiko maana yake ni watu wa nchi, lugha, hali ya maisha na jinsia tofauti kusoma darasa moja. African Leadership University, iliyofungua kampasi Kigali mwaka 2017, inapokea vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Katika mazingira kama hayo si wewe peke yako mgeni, na marafiki utakaowapata wanaweza kukufungulia milango mbali na hapa.

Lakini chuo chenye wanafunzi wengi wa Rwanda nacho kina faida yake. Utajua Kinyarwanda vizuri zaidi, na wenzako wa darasani ndio watakaokuwa wenzako kazini ukiendelea kuishi nchini. Pima unachohitaji wewe.

Kwa mkimbizi kuna swali zito kuliko idadi ya bendera kwenye picha za chuo: je, wakimbizi walioingia wanamaliza? Kepler ni mfano wa taasisi iliyoanza Kigali mwaka 2013 na kufika kambini Kiziba mwaka 2015, kwa hiyo ina uzoefu na wanafunzi wakimbizi. Kwa chuo chochote, uliza: Kuna mkimbizi aliye mwaka wa tatu? Kuna msaada wa Kiingereza kwa aliyesoma kwa Kifaransa Kongo au Burundi? Nitalipa karo ya mwenyeji au ya mgeni? Nitalala wapi?

Panga orodha yako

Methali inasema mshika mawili moja humponyoka. Katika kuomba chuo, anayeshika kimoja tu ndiye anayeweza kubaki mikono mitupu. Jaribu kuwa na maombi manne:

• Moja la chuo kigumu unachokitamani sana.
• Mawili ya vyuo ambavyo alama zako zinafikia masharti yao.
• Moja la chuo au kozi ambayo una uhakika mkubwa wa kupata, na ambayo uko tayari kuisoma. Usiweke kozi usiyoitaka.

Kila ombi lina tarehe yake ya mwisho. Iandike.

Nafasi na ufadhili ni milango miwili

Kukubaliwa na chuo si sawa na kulipiwa karo. DAFI, ufadhili unaosimamiwa na UNHCR na ulioanza mwaka 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, husomesha wakimbizi shahada ya kwanza katika nchi wanakoishi. Mastercard Foundation nayo inafadhili wanafunzi kupitia vyuo kadhaa nchini, kikiwemo Chuo Kikuu cha Rwanda. Kabla ya kuweka chuo kwenye orodha, uliza nani atalipa. Chuo rahisi kuingia lakini kisicho na ufadhili kinaweza kuwa kigumu kumaliza.

Andaa nyaraka mapema

Utahitaji kitambulisho au uthibitisho wa ukimbizi, cheti cha sekondari na matokeo yako. Kama ulisoma nje ya Rwanda, cheti kinahitaji ulinganisho. Kwa sekondari, kazi hiyo inafanywa na NESA, taasisi ya mitihani na ukaguzi wa shule. Usisubiri wiki ya mwisho. Kama cheti kilibaki nyumbani ulipokimbia, mweleze mapema afisa wa elimu wa kambi yako au wa shirika linalokuhudumia mjini, ili mtafute njia pamoja.

Kumbuka: huduma za UNHCR na washirika wake ni bure. Mtu akikuomba pesa ili jina lako liingie kwenye orodha ya ufadhili, usimpe. Toa taarifa.