Ukiacha haibridi ukataka baiskeli ya resi, anza na tairi

Wako wafanyabiashara wa Kariakoo ambao wameizoea haibridi: usukani ulionyooka, mkao wa wima, tairi nene kiasi na kifurushi nyuma. Kwa mizunguko ya kati ya Mnazi Mmoja, Gerezani na Ilala chombo hicho hakina kasoro. Tabu huanza pale mwenye nayo anapojiunga na wenzake alfajiri ya Jumapili kuelekea Bagamoyo, safari ya yapata kilomita 70, na kaskazi inapomgonga kifuani huku wenzake walioinama juu ya baiskeli za resi wakitokomea mbele. Jumatatu yake anaonekana akizizunguka baiskeli za mtumba, mkono ukiwa mfukoni.

Mtu huyo ndiye tunayemwandikia wiki hii, pamoja na yule anayetaka kununua tano au kumi ili auze. Wote wawili wanakabiliwa na hatari moja, nayo ni kulipia rangi na jina lililoandikwa kwenye fremu.

Baiskeli za resi zinazofika hapa kwa mitumba, kutoka Japani na Ulaya, ni za rika mbalimbali. Za zamani, hususan zile za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nyingi zina magurudumu ya inchi 27. Zilizofuata zina magurudumu yaitwayo 700C. Ukizisimamisha pamoja, jicho halioni tofauti. Lakini ringi ya 700C ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa, ya inchi 27 ina 630, na ile ya inchi 28 ya baiskeli zetu nzito za mizigo, aina ya Phoenix, ina 635. Tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine, na asiyelijua hilo hulazimisha.

Mwandishi wa safu hii alilijifunza kwa hasara. Alinunua baiskeli safi ya chuma, ya inchi 27, tairi zake zikiwa zimekauka. Fundi wa mtaani akamfungia tairi la 28 la baiskeli ya mizigo. Liliingia kirahisi mno, na hilo pekee lilitosha kuwa onyo. Lilichomoka kwenye ringi mteremko wa Jangwani. Goti lilipona. Baiskeli ilikaa uani miezi minne ikingoja tairi sahihi, na mwishowe iliuzwa kwa bei ya kutupa.

Njia ya kujikinga ni rahisi, na haibridi yako yenyewe ni kipimo. Haibridi nyingi zina magurudumu ya 622. Soma ubavuni mwa tairi lako: utaona namba kama 37-622 au 40-622. Ya kwanza ni unene wa tairi, ya pili ni kipenyo. Kisha soma ubavuni mwa tairi la baiskeli unayoitaka. Ikiwa inasomeka 622, tairi na tyubu utazipata bila kuzunguka sana. Ikiwa ni 630, shusha bei kwa kiasi cha magurudumu mawili mapya, au achana nayo. Inawezekana kuifungia magurudumu ya 622 iwapo vishikio vya breki vinaweza kushushwa milimita 4. Mwambie fundi apime mbele yako kabla hujatoa hela.

Jambo la pili ni unene. Baiskeli ya resi ya kawaida huvaa tairi za milimita 23 hadi 28. Kwa barabara zetu, zenye mchanga pembeni na mashimo ya mvua, 23 ni kujitafutia pancha na ringi kupinda. Tazama nafasi iliyobaki kati ya tairi na fremu, na chini ya breki. Baiskeli inayokubali tairi za 28 au 32 ina thamani zaidi hapa kuliko nyepesi isiyozikubali, hata kama muuzaji atasisitiza uzito. Tazama pia valvu: ikiwa ni ile nyembamba, pampu nyingi za barabarani hazitaishika, hivyo nunua kichwa cha kubadilishia siku hiyohiyo.

Gia nazo zina mtego wake. Haibridi yenye meno 28 mbele na 28 nyuma hugeuza gurudumu mara moja kwa kila mzunguko wa pedali. Resi ya zamani yenye 42 mbele na 23 nyuma hugeuza karibu mara mbili. Ukiwa tambarare utafurahi. Ukipanda kuelekea Kimara au vilima vya Pugu utashuka usukume. Mpya kidogo, zenye 34 mbele na 28 au 32 nyuma, zinamfaa anayeanza.

Kuhusu fremu, chuma ina sifa moja kubwa kwa mnunuzi wa hapa: ikivunjika, fundi mwenye gesi anaweza kuiunga. Alumini inahitaji ufundi na mashine ambazo si kila kichochoro kinazo. Kaboni ni ya kuogopwa kwenye mtumba, kwani ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Hali kadhalika jaribu kupandisha na kushusha nguzo ya siti. Ikiwa imeganda, na hewa yetu ya chumvi inagandisha sana, hutapata kimo chako. Kimo chenyewe usikipime kwa haibridi: kwenye resi mikono hufika mbele zaidi, kwa hiyo wengi huhitaji fremu fupi kuliko walivyodhani. Mtu wa sentimita 170 aghalabu huanzia fremu ya 52 hadi 54.

Sasa hesabu. Tuseme muuzaji anataka shilingi 450,000. Ongeza tairi mbili, tyubu, cheni, nyaya na vipande vya breki. Tuseme vinafika 150,000. Baiskeli yako ni ya 600,000, na kama kuna nyingine ya 550,000 iliyo tayari kutembea, hiyo ndiyo rahisi. Kwa mchuuzi hesabu ni kali zaidi. Akinunua kumi kwa mkupuo na tatu zikawa za inchi 27, faida ya zile saba ndiyo itakayobeba mtaji uliolala. Wauzaji wa jumla hupenda kuuza fungu zima bila kuchagua. Atakayekubali kukutengea za 622 peke yake, hata kwa nyongeza kidogo kwa kila moja, mkubalie.

Omba risiti ya EFD pale inapowezekana na uandikiwe namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya ekseli ya pedali. Kabla ya kulipa, izungushe Mnazi Mmoja asubuhi, daladala zikiwa bado chache, ukibadilisha kila gia na kufunga breki zote mbili. Haibridi usiiuze wiki hiyohiyo. Resi haina mahali pa kufunga kifurushi.