Wataka kusomea familia chuo kikuu? Anza kupanga kutoka mwisho

MZAZI akitangaza kwamba mwanawe amechaguliwa kusomea udaktari, majirani hupiga vigelegele. Akisema mtoto anakwenda kusomea masuala ya familia, wengine huguna. "Familia nayo husomewa chuo kikuu? Kwani si sote tumezaliwa katika familia?"

Swali hilo si la kupuuzwa, na jibu lake ni rahisi. Sote tuna miili pia, lakini tukiugua hatujitibu kwa sababu tu mwili ni wetu.

Tazama yanayotokea kliniki. Mtoto anafikishwa akiwa amekonda. Muuguzi anampima uzani, anampa mama unga wa lishe na kumweleza jinsi ya kuutumia. Nyumbani, unga huo unagawanywa kwa watoto wanne, kwa kuwa si rahisi kwa mama kumlisha mmoja huku wenzake wakimtazama.

Au mchukue mzee aliyeambiwa ana kisukari na kwamba ni lazima abadilishe chakula. Nyumbani kuna sufuria moja, na anayepika si yeye. Mwezi mmoja baadaye anarudi kwa daktari hali ikiwa ile ile.

Katika visa vyote viwili dawa imetolewa hospitalini, lakini kilichoamua kama itafanya kazi ni mambo ya nyumbani: nani ana pesa, nani anasikizwa, nani ananyamaza. Hapo ndipo somo la familia huanzia.

Familia zenyewe nazo zimebadilika mno. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane maishani mwake. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2022 ulionyesha wastani wa watoto 3.4. Utafiti huo huo ulibainisha kwamba asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Nayo sensa ya 2019 ilipata kwamba nyumba moja ina watu 3.9 kwa wastani. Shangazi na nyanya waliokuwa wakiwafunza vijana mambo ya unyumba sasa wako mbali, au wanasikika kwa simu tu.

Basi kazi ipo. Hata hivyo, si kila anayesomea familia hupata kazi aliyoitarajia. Wapo wanaomaliza miaka minne, wazazi wakiwa wameuza ng'ombe na hata kipande cha shamba, ndipo wanapogundua kwamba shahada waliyo nayo haiwaruhusu kufanya kazi waliyoitaka. Hilo ndilo tunalotaka ulikwepe.

Somo hili lilitoka wapi?

Chimbuko lake ni somo la uchumi wa nyumbani. Nchini Marekani, mwanakemia Ellen Swallow Richards na wenzake walianza mwaka wa 1899 kukutana mjini Lake Placid kujadili jinsi sayansi inavyoweza kutumika kuboresha chakula, usafi na maisha ya nyumbani.

Hapa kwetu, Shule ya Jeanes iliyoanzishwa Kabete mwaka wa 1925 ilifunza walimu wa vijijini, na wake zao wakafunzwa usafi na malezi ya watoto. Baadaye vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1952, vilieneza mafunzo ya aina hiyo mashinani.

Kwa miaka mingi somo hilo lilichukuliwa kuwa la wasichana, la kupika na kushona tu. Siku hizi limepanuka. Mtaalamu Urie Bronfenbrenner, katika kitabu alichochapisha mwaka wa 1979, alieleza kwamba mtoto hukua ndani ya duara nyingi: nyumbani, shuleni, mtaani, kazini kwa wazazi wake, hadi kwenye sheria na desturi za nchi. Duara moja ikitikisika, zote hutikisika. Baba akiachishwa kazi Eneo la Viwanda, mtoto aliye darasa la tatu kule Kayole huanza kuanguka mitihani.

Ukitaka kujua kozi kamili huwa na nini, kuna kipimo kizuri. Baraza la kitaifa la Marekani linaloshughulikia uhusiano wa familia, ambalo lilianzishwa mwaka wa 1938, limeorodhesha nyanja 10 ambazo mwelimishaji wa familia anapaswa kuzifahamu. Nazo ni: familia katika jamii, mienendo ya ndani ya familia, ukuaji wa binadamu tangu utotoni hadi uzeeni, masuala ya kijinsia na uzazi, uhusiano baina ya watu, matumizi ya mali na wakati, malezi, sheria na sera za familia, maadili ya kazi, na mbinu za kufundishia.

Kata orodha hiyo uiweke. Utakapopewa ratiba ya kozi na chuo chochote, ilinganishe nayo. Kozi ambayo haina sheria, haina maadili wala utafiti, itakuacha na mapengo.

Anza na kazi, si jina la kozi

Kosa wanalofanya wengi ni kuchagua kozi kwa jina lake. Majina ni mengi: sayansi ya familia na watumiaji bidhaa, ukuaji wa mtoto, uchumi wa nyumbani, usimamizi wa rasilmali za jamii, na kadhalika. Jiulize kwanza: Nikimaliza, nataka kuamka asubuhi niende wapi?

Kama wataka kuwa mshauri nasaha, fahamu kwamba Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 inamtaka anayefanya kazi hiyo awe amesajiliwa na kupata leseni. Shahada ya masuala ya familia peke yake si leseni. Huenda ukahitaji kozi nyingi za saikolojia, saa za kutosha za mazoezi chini ya msimamizi, au shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Pan Africa Christian cha Nairobi, kwa mfano, kimekuwa kikifundisha matibabu ya ndoa na familia katika kiwango cha uzamili. Kwa hivyo hesabu miaka minne na mingine juu yake.

Kama wataka kufundisha katika shule za sekondari, basi unahitaji shahada ya elimu yenye masomo mawili ya kufundishia, na usajili wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Anayesoma sayansi kimu bila masomo ya ualimu asidhani atapokewa moja kwa moja.

Kama moyo wako uko katika lishe, uliza kuhusu taasisi ya kusajili wataalamu wa lishe nchini, KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2007. Kusoma vitengo viwili vitatu vya lishe hakukufanyi mtaalamu wa lishe.

Lakini kama wataka kufanya kazi na jamii, katika miradi ya watoto, vijana, wazee, wakimbizi au wahasiriwa wa dhuluma za nyumbani, hapo ndipo shahada hii hukaa vizuri zaidi. Mashirika ya kijamii, ya kidini na idara za serikali huhitaji watu wanaoijua familia kwa upana wake. Sheria nazo zimeongeza kazi hiyo: Sheria ya Ndoa ya 2014, Sheria ya Kukinga Watu dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 na Sheria ya Watoto ya 2022. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la. Ni lazima apatikane mtu wa kueleza hayo kijijini kwa lugha inayoeleweka.

Kupanga miaka minne

Tuseme umeamua. Mwaka wa kwanza kwa kawaida ni wa kuweka msingi: sosholojia, saikolojia, ukuaji wa binadamu, mawasiliano. Usiichukulie hesabu ya takwimu kama adui. Bila takwimu hutaweza kusoma ripoti yoyote ya utafiti, na kazi nzuri humwendea anayeweza kuonyesha kwa tarakimu kwamba mradi umefaulu.

Mwaka wa pili, chagua mkondo wako. Ukiwa na nafasi ya kuchukua vitengo vya hiari, visikusanywe ovyo kwa sababu mhadhiri fulani hutoa alama kwa urahisi. Vitengo vinne vya saikolojia, au vinne vya lishe, au vinne vya sheria na sera, vitakusaidia kuliko kimoja kimoja kutoka kila idara.

Mwaka wa tatu ni wa kutoka nje. Mafunzo ya nyanjani ndiyo roho ya shahada hii. Anza kuomba nafasi miezi sita mapema, na uitafute mahali panapofanana na kazi unayoitaka. Anayetaka kuhudumia watoto asikubali kukaa miezi mitatu katika ofisi akipiga chapa barua na kuchemsha chai. Weka daftari la kila siku, ila usiandike majina ya watu unaowahudumia.

Mwaka wa nne ni wa utafiti wako mwenyewe. Chagua jambo dogo unaloweza kulimaliza. "Matatizo ya familia nchini Kenya" si mada ya mwanafunzi. Lakini "Jinsi akina mama wachuuzi wa soko moja wanavyopanga kunyonyesha watoto wao" ni mada inayofanyika, na mwajiri ataisoma.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa karo

Nenda chuoni mwenyewe, au mtume mzazi, ukiwa na maswali haya:

1. Je, kozi hii imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE)? Usitosheke na kuambiwa, omba kuona, kisha uthibitishe kwa tume yenyewe.

2. Mafunzo ya nyanjani ni ya muda gani, na nani anayetafuta nafasi?

3. Waliohitimu miaka mitatu iliyopita wako wapi? Omba kuzungumza na wawili.

4. Ni wahadhiri wangapi wa kudumu walio katika idara hii?

5. Ikiwa nina diploma, ni vitengo vingapi nitakavyosamehewa? Swali hili ni muhimu kwa wauguzi, wafanyakazi wa jamii na wahudumu wa afya mashinani wanaotaka kuendelea na masomo.

Upande wa kujiunga, alama ya C+ katika KCSE ndiyo kiwango cha chini cha shahada kwa anayetoka kidato cha nne moja kwa moja. Kwa nafasi za serikali, KUCCPS huangalia pia kundi la masomo manne ya kozi unayoomba, kwa hivyo soma masharti hayo kabla ya kujaza chaguo lako. Mkopo wa HELB ni msaada, lakini ni deni. Utaulipa, iwe umepata kazi uliyoipenda au la.

Mzazi mwenye mtoto katika mfumo mpya wa elimu asingoje. Kundi la kwanza linaingia Gredi ya 10 mwaka wa 2026, na mtihani wa mwisho wa KCSE chini ya 8-4-4 umepangiwa mwaka wa 2027. Katika mfumo mpya mwanafunzi huchagua mkondo mapema, na chaguo hilo litamfuata hadi mlangoni mwa chuo kikuu.

Je, wewe ni mtu wa kazi hii?

Kuna jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya kozi. Wengi huvutiwa na somo hili kwa sababu wao wenyewe wametoka katika nyumba zilizojaa vita, ulevi au kuachwa. Si vibaya. Aliyepitia moto hujua joto lake. Lakini darasa si hospitali. Siku mhadhiri atakapofundisha kuhusu dhuluma kwa watoto, kidonda cha zamani kinaweza kufunguka mbele ya wanafunzi mia moja.

Kama una kidonda cha aina hiyo, mtafute mshauri nasaha mapema, kabla hujaanza kuwashauri wengine. Vyuo vingi vina ofisi ya ushauri ambayo mwanafunzi anaweza kuitumia, na wengi hawaijui ilipo mpaka wanahitimu.

Jipime pia katika kutunza siri. Katika kazi hii utaambiwa mambo ambayo mke hajamwambia mumewe. Ikiwa huwezi kukaa na habari ya jirani hadi jioni bila kuisimulia, tafuta kozi nyingine.

Na usiogope kwa kuwa wewe ni mwanamume. Akina baba wengi hawafungui kinywa mbele ya mshauri wa kike, nao wanahitaji mtu wa kuwasikiliza.

Kupanga ni kuchagua. Wiki hii chukua karatasi, andika juu yake kazi tatu ambazo ungependa kufanya ukiwa na miaka 30. Mbele ya kila moja andika cheti kinachohitajika na ofisi inayotoa leseni. Kisha rudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi ulipo leo. Ukiona njia haifiki, ni afadhali uone sasa, ng'ombe akiwa bado yuko zizini.