Mandera: Ardhi Inayomfunza Mtu Kuuliza

Msomaji mpenzi, mfereji wako ukikauka siku mbili tu, bila shaka utanung'unika. Basi twende pamoja hadi Mandera, pembe ya mbali ya kaskazini mashariki, Kenya inapopakana na Ethiopia na Somalia. Huko mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 250, na Mto Daua wenyewe hukauka nyakati za kiangazi.

Usidhani kuwa wafugaji wa huko huhama ovyo. Wasomali wameugawa mwaka mara nne: gu, mvua za masika, hagaa, kiangazi kinachofuata, deyr, mvua za vuli, na jilaal, kiangazi kikali cha Januari hadi Machi. Kabla ya kuhama, wazee huwatuma watu watangulie kuchunguza. Kazi hiyo huitwa sahan. Mchunguzi huangalia mvua imenyesha wapi, malisho yatatosha mifugo mingapi, kama kuna maradhi, na ni nani amekwisha kufika pale. Akikisia tu, jamaa zake wote waweza kuangamia kwa kiu. Ndiyo maana wafugaji wakikutana njiani, salamu huwa ndefu: habari za mvua, za malisho, za amani. Huo si umbeya, ni uhai.

Hata nyumba imetii amri ya ardhi. Aqal hujengwa na akina mama kwa fito zilizopindwa na mikeka. Siku ya kuhama hubomolewa, ikapakiwa juu ya ngamia, mnyama awezaye kukaa zaidi ya wiki bila maji na bado akatoa maziwa.

Lakini elimu hiyo imo mashakani. Tangu mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua sana mfululizo. Ukame ukatanda kila upande. Mchunguzi ataelekeza watu wapi? Mifugo ilikufa kwa wingi. Kisha, mwishoni mwa 2023, yakaja mafuriko. Jamaa waliopoteza mifugo huishia kando ya mji, na watoto wao hawafuati tena ngamia.

Naam, watoto hao wanahitaji shule, na ni haki yao. Ila vitabu visizime maarifa ya babu. Nawe mwanafunzi, ukiwa na mwenzako darasani atokaye Mandera, usimwonee huruma tu. Muulize kwao wanaisomaje mvua. Kuuliza si ujinga. Huko Mandera ndiyo hekima ya kwanza.