Ile Nusu Uliyoikata na Mkasi

Sebule nyingi nilizoingia Tarime mjini, picha kubwa ukutani ni ya baba mwenye nyumba: sare ya jeshi au suti, kidevu juu, hacheki hata kidogo. Mugumu kule Serengeti, mambo ni yale yale. Ila kuna nyumba moja ilinishtua. Picha ya harusi imekatwa na mkasi, amebaki bibi harusi na mkono wa mwanaume begani kwake. "Ameshaondoka, nimuweke wa nini?" akaniambia dada mwenye nyumba. Mtoto wao alikuwa pale pale, anasikiliza.

Mpenzi msomaji, hilo nalo lina mwenzake wa zamani. Mwaka 1814, mchoraji Thomas Phillips alionyesha London picha ya mshairi Lord Byron. Huyu bwana alikuwa na cheo cha ukoo, lakini mle hana nishani wala joho rasmi. Kola iko wazi, shingo nje, anatazama pembeni kama mtu aliye nyumbani kwake. Wachongaji wakainakili kwenye mabamba, zikachapwa nakala kibao. Hata mtu asiyemjua aliweza kuwa na sura yake mezani.

Mwaka 1815 Byron akamuoa Annabella Milbanke, na Desemba wakapata binti, Ada. Januari 1816 mama akabeba kichanga chake akarudi kwa wazazi, ndoa ikaishia hapo. Byron naye akaihama Uingereza, hakumwona tena mwanaye, akafia Ugiriki mwaka 1824.

Sasa sikia. Kwa wakwe zake kulikuwa na picha yake nyingine iliyochorwa na Phillips huyo huyo, kavaa mavazi ya Kialbania. Wakaifunika pazia! Ada hakuonyeshwa mpaka alipofikisha miaka 20. Watu baki wanamjua baba yake kwa sura, yeye hapana.

Ada akawa mtaalamu wa hisabati, yule aliyeandika mwaka 1843 kuhusu mashine ya Charles Babbage. Alipofariki mwaka 1852, akiwa na miaka 36 kama baba yake, alizikwa Hucknall ubavuni mwa Byron. Mwenyewe ndiye aliyeomba.

Kwa hiyo dada, kama mmeachana, itoe sebuleni, hakuna atakayekulaumu. Itie kwenye bahasha, andika jina la mtoto. Na nyie ambao bado mko pamoja, mpige mzee akiwa na fulana, anacheka, halafu ipelekeni studio ikachapwe. Za kwenye simu hupotea na simu.